Kemia kwa Barua: Namba Tungamo Huhesabu Nini?

Barua za toleo hili karibu zote zimeangukia mahali pamoja: protoni, nyutroni, elektroni, na ile namba inayoandikwa begani mwa alama ya elementi. Tumezijibu kwa mkupuo mmoja. Maneno tutakayotumia ni haya. Namba atomia ni idadi ya protoni. Namba tungamo, ambayo wengine huiita namba ya masi, ni idadi ya protoni na nyutroni kwa pamoja. Uzani atomia ni ile namba yenye desimali kwenye jedwali la elementi. Hizi mbili za mwisho ndizo zinazogombanisha watu.

Mwanangu wa kidato cha pili alipewa atomi yenye protoni 17, nyutroni 18 na elektroni 17, atafute namba tungamo. Alijumlisha zote akapata 52, akakoseshwa. Mimi kemia sikuisoma, lakini naona elektroni nazo ni sehemu ya atomi. Kwa nini zinaachwa nje? (Mzazi, Morogoro)

Jibu ni 35, yaani 17 + 18.

Ni kweli elektroni ni sehemu ya atomi, mzazi mwenzetu, ila namba tungamo haihesabu kila kilichomo katika atomi. Inahesabu vilivyomo ndani ya kiini peke yake. Protoni na nyutroni zimo kiinini, elektroni ziko nje yake. Ukiulizwa wangapi wamelala ndani ya nyumba, mlinzi aliye uani hutamhesabu, ingawa naye ni mtu na yuko kazini.

Sababu ya kuweka mpaka hapo inaonekana ukizipima chembe zenyewe. Kwa kipimo cha tungamo la atomi (ambacho ni sehemu moja ya kumi na mbili ya atomi ya kaboni-12), protoni ina 1.0073, nyutroni ina 1.0087, na elektroni ina 0.00055. Zinahitajika elektroni zipatazo 1,836 ili zilingane na protoni moja. Chukua urani, ambayo ina elektroni 92: zote kwa pamoja hazizidi 0.051. Hata katika atomi nzito kiasi hicho, elektroni zote ni kama sehemu moja ya ishirini tu ya chembe moja ya kiinini.

Kuna sababu ya pili, na sisi tunaiona nzito kuliko ya kwanza. Elektroni huja na kuondoka. Klorini ikichukua elektroni ya 18 na kuwa sehemu ya chumvi ya mezani, kiini chake hakijaguswa. Bado ni klorini-35. Namba inayotambulisha kiini haifai kupanda na kushuka kila atomi inapokutana na jirani.

Je, ile elektroni 17 katika swali ina kazi gani? Inasema tu kwamba atomi haina chaji ya umeme, maana elektroni zinalingana na protoni. Watunga mitihani huiweka makusudi waone nani atajumlisha kila namba aliyopewa. Mwambie kijana, kabla ya kujumlisha, akate kwa penseli neno "elektroni" na namba yake ikiwa protoni zimeshatajwa. Pia ajue mahali pa kila namba kwenye alama: juu kushoto ni namba tungamo, chini kushoto ni namba atomia, juu kulia ni chaji, chini kulia ni idadi ya atomi katika molekuli. Pembe nne, kazi nne, na kosa la kuhamisha namba kutoka pembe moja kwenda nyingine hula alama nyingi kuliko kosa la kujumlisha.

Nimekwama kwenye ayoni, yaani atomi yenye chaji. Swali la kwanza: ayoni yenye chaji 2− ina elektroni 18 na nyutroni 16. La pili: ayoni yenye chaji 3+ ina elektroni 23 na nyutroni 30. Protoni hazikutajwa. Nilipata 36 na 50, kitabu kinasema 32 na 56. (Mwanafunzi, Kakamega)

Kitabu kiko sahihi. Wewe umeigeuza alama ya chaji kichwa chini.

Hapa sasa elektroni zina kazi, kwa sababu ndizo njia pekee ya kuzifikia protoni. Anza na maana yenyewe ya chaji: chaji ni protoni kutoa elektroni. Ukihamisha upande, protoni ni elektroni jumlisha chaji, na chaji iingie pamoja na alama yake.

La kwanza: 18 + (−2) = 16. Protoni 16 ni salfa. Namba tungamo ni 16 + 16 = 32.

La pili: 23 + 3 = 26. Protoni 26 ni chuma. Namba tungamo ni 26 + 30 = 56.

Ulichofanya ni kuona "2−" ukadhani kuna kitu kimepungua, ukakirudishia 2 na kupata protoni 20. Alama ya kutoa inadanganya jicho. Elektroni ina chaji hasi, kwa hiyo atomi iliyopata elektroni za ziada ndiyo inayoandikwa hasi. Yaani hasi maana yake imepokea, na chanya maana yake imetoa.

Ungeweza kujinasa mwenyewe kabla ya kufungua majibu. Jibu lako la kwanza lilikuwa na protoni 20, yaani kalsiamu, yenye chaji 2−. Kalsiamu haibebi chaji hiyo. Hutoa elektroni mbili na kuwa 2+. Tena ilikuwa na nyutroni 16 dhidi ya protoni 20. Katika viini thabiti, nyutroni huwa sawa na protoni au huzidi. Vinavyovunja kanuni hiyo ni viwili tu, hidrojeni-1 na heli-3. Ukiona nyutroni zimezidiwa na protoni, na elementi si mojawapo ya hizo mbili, rudi nyuma mstari kwa mstari. Jibu lako la pili nalo lilikuwa kalsiamu, safari hii yenye 3+, nayo haipo kwenye chumvi wala maabara yoyote ya shule.

Nimekokotoa nyutroni za hidrojeni nikapata sifuri. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi, Mtwara)

Hujakosea. Kiini cha hidrojeni ya kawaida ni protoni moja peke yake: 1 − 1 = 0. Ndiyo atomi pekee ambayo namba tungamo na namba atomia zinalingana. Ipo hidrojeni-2 yenye nyutroni moja, na hidrojeni-3 yenye nyutroni mbili. Maji yaliyotengenezwa kwa hidrojeni-2 huitwa maji mazito, na jina hilo ni la haki: ni mazito kwa takriban asilimia 11 kuliko maji ya kawaida, na barafu yake huzama ndani ya glasi ya maji.

Tumezoea kuwaambia wanafunzi wakadirie uzani atomia kuwa namba kamili, halafu watoe namba atomia wapate nyutroni. Mwanafunzi mmoja akafanya hivyo kwa shaba: 63.55 ikawa 64, nyutroni 35. Mwenzangu anasema shaba hiyo haipo. Haipo vipi? (Mwalimu wa sekondari, Tabora)

Mwenzako amesema kweli, mwalimu, na barua yako ndiyo iliyotufurahisha kuliko zote.

Shaba itokayo ardhini ina aina mbili za atomi, zinazoitwa isotopi: protoni sawa, nyutroni tofauti. Asilimia 69.15 ni shaba-63 yenye nyutroni 34, na asilimia 30.85 ni shaba-65 yenye nyutroni 36. Shaba-64 yenye nyutroni 35 hutengenezwa kwenye maabara za nyuklia, na nusu yake hutoweka kwa saa 13 hivi. Ndani ya waya wa umeme huipati. Ile 63.55 ni wastani wa makundi mawili, na wastani si lazima ufanane na mtu yeyote kundini. Familia zinaweza kuwa na wastani wa watoto wawili na nusu, lakini hakuna nyumba utakayokuta nusu mtoto.

Kwa nini basi mazoea hayo hayajakamatwa miaka yote? Kwa sababu shuleni tunaishia elementi 20 za mwanzo. Pitia orodha kuanzia hidrojeni hadi kobalti, namba 1 hadi 27: kila mara ukikadiria uzani atomia unaangukia isotopi iliyo nyingi kuliko zote. Lithi 6.94 inakupa 7, boroni 10.81 inakupa 11, magnesi 24.31 inakupa 24, klorini 35.45 inakupa 35, chuma 55.85 inakupa 56. Zote sawa. Halafu ghafla, kuanzia namba 28, njia inavunjika mara nne mfululizo. Nikeli 58.69 inakupa 59, na katika nikeli ya asili 59 haipo. Zipo 58, 60, 61, 62 na 64. Shaba tumeiona. Zinki 65.38 inakupa 65, wakati zilizopo ni 64, 66, 67, 68 na 70. Galiamu 69.72 inakupa 70, wakati zilizopo ni 69 na 71. Mbele zaidi kuna bromini, 79.90, ambayo kila mtu huandika 80 bila kusita. Bromini ya asili ni 79 na 81 kwa karibu nusu kwa nusu. Fedha, 107.87, ni 107 na 109. Hakuna 108.

Kwa hiyo ukitaka kuitumia njia ya kukadiria, itumie kama njia ya mkato kwa elementi 27 za mwanzo, na uwaambie wanafunzi wazi kwamba ni njia ya mkato. Zile zenye isotopi moja tu ya asili hazina shida popote zilipo: florini 19, sodiamu 23, alumini 27, fosforasi 31, manganizi 55, kobalti 59, iodini 127, dhahabu 197. Hapo wastani ni wa kundi moja.

Sasa hesabu ya kwenda na kurudi, maana nayo ina mtego wake. Klorini-35 ni asilimia 75.77 na klorini-37 ni asilimia 24.23. Mwanafunzi akitumia namba tungamo atapata:

0.7577 × 35 + 0.2423 × 37 = 26.5195 + 8.9651 ≈ 35.48

Jedwali linasema 35.45. Tofauti ni ndogo, na mtihani hukubali 35.5. Akitumia tungamo halisi za atomi hizo, 34.969 na 36.966, anapata 35.45 barabara.

Lakini ukirudi nyuma, kutoka wastani kwenda asilimia, kosa lilelile dogo huvimba. Jaribu shaba kwa namba tungamo: sehemu ya shaba-65 ni (63.55 − 63) ÷ 2 = 0.275, yaani asilimia 27.5. Jaribu tena kwa tungamo halisi, 62.930 na 64.928: (63.546 − 62.930) ÷ 1.998 = 0.308, yaani asilimia 30.8. Umekosea kwa asilimia 3 nzima kwa sababu ya desimali ulizozitupa. Tofauti kati ya isotopi mbili ni 2 tu, kwa hiyo kila 0.01 unayoikosa kabla ya kugawanya inageuka nusu asilimia kwenye jibu. Kwa mtihani, tumia namba ulizopewa kwenye swali na uache hapo. Kwa kazi ya maabara, tafuta tungamo halisi.

Neno la mwisho kuhusu jedwali: namba iliyo ndani ya mabano ya mraba, kama [226] kwa radiamu au [222] kwa radoni, si wastani. Hizo ni elementi nururifu, yaani viini vyake huvunjika vyenyewe, hazina mchanganyiko wa asili wa kudumu wa kupigia wastani, kwa hiyo wachapaji huandika namba tungamo ya isotopi inayodumu zaidi. Hapo unaweza kutoa moja kwa moja: 226 − 88 = nyutroni 138.

Ndugu yangu amepewa dawa ya iodini-131 kwa ajili ya tezi ya shingoni. Chumvi yetu ya dukani nayo ina madini joto, ambayo naambiwa ni iodini. Tofauti yao ni hiyo 131? (Msomaji, Mombasa)

Ndiyo, namba iliyo baada ya kistari ni namba tungamo. Iodini yoyote ina protoni 53. Iliyo kwenye chumvi ni iodini-127, yenye nyutroni 127 − 53 = 74, nayo ni thabiti. Ya dawa ina 131 − 53 = 78. Nyutroni nne za ziada zimekifanya kiini kisitulie: nyutroni moja hugeuka protoni, elektroni hurushwa nje kwa kasi, na kinachobaki ni zenoni-131, protoni 54 na nyutroni 77. Nusu ya dawa hugeuka hivyo kila baada ya siku 8.

Dawa hii inafanya kazi kwa sababu tezi haiwezi kuzitofautisha. Mwili hushughulika na elektroni za nje, na mpangilio wa elektroni unafuata protoni, ambazo ni 53 huku na 53 kule. Tezi inayokusanya iodini ya chumvi hukusanya na hii, kisha mnururisho unafanya kazi palepale ilipokusanyika. Kama kwenye karatasi za hospitali umeona pia "tekneti-99m", ile herufi m haibadili hesabu: protoni 43, nyutroni 56. Inaonyesha tu kwamba kiini kina nishati ya ziada ambayo bado hakijaiachia.

Je, ayoni ya amoniamu kwenye mbolea ina namba tungamo? (Mwanafunzi wa chuo cha kilimo)

Kwa usahihi, hapana. Namba tungamo ni ya kiini kimoja, na amoniamu ina viini vitano. Unachoweza kufanya ni kuhesabu chembe zake zote. Nitrojeni moja inaleta protoni 7 na nyutroni 7, hidrojeni nne zinaleta protoni 4 na nyutroni sifuri. Protoni 11, nyutroni 7. Chaji ni 1+, kwa hiyo elektroni ni 11 − 1 = 10. Kosa la kawaida hapa ni kutoa elektroni moja kwa kila hidrojeni. Chaji ni ya kundi zima, hutolewa mara moja tu mwishoni.

Nilijumlisha tungamo la protoni mbili, nyutroni mbili na elektroni mbili ili nipate tungamo la heli. Nilipata 4.033. Kitabu kinasema 4.0026. Nimerudia mara tatu. (Msomaji, Unguja)

Usirudie mara ya nne, hesabu yako iko sawa. Protoni mbili ni 2.01455, nyutroni mbili 2.01733, elektroni mbili 0.00110. Jumla ni 4.03298. Atomi yenyewe ikipimwa ina 4.00260. Pengo la 0.0304 liliondoka likiwa nishati pale chembe zilipoungana kuwa kiini kimoja, kwa ile kanuni ya mwaka 1905 ya Albert Einstein inayolinganisha tungamo na nishati. Kukitenganisha kiini hicho tena lazima uirudishe nishati yote. Ndiyo maana heli-4 ni kiini kigumu kukivunja.

Hapa ndipo inapoonekana kwamba namba tungamo na tungamo ni vitu viwili, japo majina yanafanana kama mapacha. Namba tungamo ya heli ni 4 kamili, kwa sababu chembe zimehesabiwa na ni nne. Haina kipimo wala desimali. Tungamo ni 4.0026, limepimwa kwa mashine. Atomi moja pekee ndiyo ambayo viwili hivyo vinalingana kabisa: kaboni-12. Nayo si kwa bahati. Wanasayansi walikubaliana kuifanya 12 kamili iwe msingi wa kupimia nyingine zote.

Katika jedwali, arigoni (39.95) iko kabla ya potasiamu (39.10). Nyepesi haikupaswa kutangulia? (Mwongoza watalii, Karatu)

Zamani elementi zilipangwa kwa uzani, na jozi hii ilikuwa inawakera wapangaji. Mwaka 1913 Henry Moseley, akitumia miali ya eksirei, alionyesha kwamba kinachopanga safu ni chaji ya kiini. Arigoni ina protoni 18, potasiamu 19. Basi. Uzani umegeuka kwa sababu ya nyutroni: arigoni ya hewani karibu yote ni arigoni-40 yenye nyutroni 22, ilhali potasiamu zaidi ya asilimia 93 ni potasiamu-39 yenye nyutroni 20.

Ila wewe wa Karatu una haki ya kuuliza arigoni hiyo yote yenye 40 ilitoka wapi, maana jibu linapita mlangoni kwako. Katika kila atomi 10,000 za potasiamu, moja hivi ni potasiamu-40: protoni 19, nyutroni 21. Ni nururifu, na nusu yake huchukua miaka bilioni 1.25 kugeuka. Kati ya 100 zinazogeuka, 89 hivi huwa kalsiamu-40 (protoni 20, nyutroni 20) na 11 hivi huwa arigoni-40 (protoni 18, nyutroni 22). Jumlisha kila jozi: 40, 40, 40. Elementi tatu tofauti, namba tungamo moja.

Angalia njia ya kwenda arigoni. Kiini hunyakua elektroni moja kutoka nje na kuiingiza ndani. Mzazi wa Morogoro anaweza kushtuka hapa: elektroni imeingia kiinini, mbona hesabu haipandi ikawa 41? Kwa sababu haibaki kama elektroni. Inakutana na protoni na protoni inageuka nyutroni. Protoni zimepungua moja, nyutroni zimeongezeka moja, jumla imebaki palepale.

Arigoni ni gesi. Mwamba ukiwa umeyeyuka, hutoroka. Mwamba ukishaganda, zinazozaliwa baadaye hunaswa ndani ya fuwele. Pima arigoni-40 iliyonaswa, pima potasiamu iliyopo, nawe unajua mwamba uliganda lini. Mtafiti wa mabaki ya kale Mary Leakey alipookota fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, pale bonde la Oldupai mwaka 1959, ni majivu ya volkano ya tabaka lile yaliyopimwa hivyo, na mwaka 1961 ukatangazwa umri wa miaka milioni 1.75. Kosa linalovizia kazi hii ni hewa: karibu asilimia 1 ya hewa ni arigoni, na ikipenya kwenye sampuli mwamba unaonekana mzee kuliko ulivyo. Wapimaji huikamata kwa arigoni-36, protoni 18 na nyutroni 18, ambayo haitokani na potasiamu. Ikionekana, wanajua hewa imeingia, na kwa kiasi chake wanajua watoe kiasi gani.

Huku kwetu wazee wanautaja mgodi wa Shinkolobwe na urani yake. Nimesoma kwamba urani-238 mwishowe hugeuka risasi-206. Nitajuaje imepitia hatua ngapi bila kuzikariri zote? (Kijana, Lubumbashi)

Urani ya Shinkolobwe ndiyo iliyotumika kwa wingi katika mradi wa bomu la Marekani wakati wa vita vya pili vya dunia, na kama ilivyo urani ya asili kokote, asilimia 99.3 hivi ni urani-238 (nyutroni 146) na asilimia 0.7 ni urani-235 (nyutroni 143).

Huna haja ya kuzikariri hatua. Kiini kinaoza kwa njia mbili katika mnyororo huu. Kwa alfa kinatupa protoni mbili na nyutroni mbili: namba tungamo inashuka 4, namba atomia inashuka 2. Kwa beta nyutroni moja inageuka protoni: namba tungamo haibadiliki, namba atomia inapanda 1. Kwa hiyo anza na namba tungamo, kwa sababu ni alfa pekee inayoigusa. 238 − 206 = 32, na 32 ÷ 4 = 8. Alfa nane.

Sasa namba atomia. Alfa nane zingeishusha urani kutoka 92 hadi 92 − 16 = 76. Risasi ni 82. Zimepungua 6, kwa hiyo beta ni sita. Wanaoanza na namba atomia hukwama, maana alfa na beta zote zinaigusa na huna namna ya kuzitenganisha.

Kagua kwa nyutroni, ambazo hukuzitumia popote: 146, toa 16 zilizoondoka na alfa, toa 6 zilizogeuka protoni, zinabaki 124. Risasi-206 yenye protoni 82 ina 206 − 82 = 124.